Joto lisiloyumba kwenye grili ya peleti: mwongozo kamili kuanzia tangi hadi kuzima moto

Grili ya peleti huuzwa kwa ahadi moja kubwa, kwamba mpishi atachagua kiwango cha joto kwa kitufe, atafunga mfuniko, kisha ataendelea na shughuli zake kana kwamba nyama iko kwenye oveni. Ahadi hiyo si ya uongo, ila ina masharti ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Mashine hii huchoma kuni halisi, na kuni, hata zikishindiliwa kuwa vijiti vidogo vyenye unene wa milimita 6 viitwavyo peleti, zinabaki na tabia zake: hunyonya unyevu, huacha majivu, hutaka hewa na huyumbishwa na upepo. Baada ya miaka kadhaa ya kuchoma nyama uani hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, mahali ambapo Januari inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, nimeridhika kwamba joto linapoyumba, mara nyingi kosa haliko kwenye vifaa vya umeme. Liko kwenye peleti, kwenye majivu, kwenye upepo au kwenye mkono wa mpishi mwenyewe, na kwa hiyo mwongozo huu unaanzia huko kabla ya kugusa sensa na waya.

Kwa kuwa grili nyingi zinazouzwa Marekani husoma kwa Farenhaiti, nitataja kiwango hicho kwanza (F) na kuweka Selsiasi (C) kwenye mabano.

Kwanza, ielewe mashine

Ndani ya grili yoyote ya peleti kuna tangi la pembeni, na chini ya tangi kuna skrubu ndefu inayozungushwa polepole na mota ili kusukuma peleti hadi kwenye kikombe cha moto, yaani kikombe cha chuma chenye matundu ambacho hakizidi sana ukubwa wa bilauri. Hita nyembamba ya umeme, kwa kawaida ya wati 200 hadi 300, huwasha peleti za kwanza kisha hujizima, na kuanzia hapo feni hupuliza hewa kupitia matundu ya kikombe ili moto ujiendeshe wenyewe. Juu ya moto kuna bamba nene la kutawanya joto, juu ya bamba kuna sinia lililoinama la kukinga mafuta, na juu ya sinia ndipo ulipo wavu wa nyama. Sensa ya joto, inayofanana na msumari mrefu wa chuma, huchomoza kwenye ukuta wa ndani na kumpelekea habari kidhibiti, ambacho huamua skrubu izunguke kwa muda gani na ipumzike kwa muda gani.

Aliyekulia kwenye jiko la mkaa atalielewa hilo bila kuchorewa: skrubu ni mkono unaoongeza mkaa, feni ni pepeo, na kidhibiti ni mtu aliyeketi kwenye kigoda akiutazama moto. Tofauti ni kwamba mtu wa kigodani huona moshi, husikia mafuta yakidondoka na huhisi upepo umegeuka, ilhali kidhibiti kinajua namba moja tu inayotoka kwenye ule msumari.

Grili hizi zilibuniwa na Joe Traeger katika mji wa Mt. Angel, jimbo la Oregon, miaka ya 1980, kutokana na majiko ya peleti yaliyokuwa yakitumika kupasha nyumba joto. Hataza yake ilipokwisha muda mwaka 2006 kampuni nyingi ziliingia sokoni, na ndiyo maana maelezo ya hapa yataifaa karibu kila grili ya aina hii, liwe lolote jina lililobandikwa mfunikoni.

Kuna jambo moja la vidhibiti ambalo ni lazima lieleweke mapema, kwa sababu linaamua utarajie nini. Vidhibiti vya zamani hufuata saa: katika modeli nyingi, kwenye kiwango cha moshi, skrubu huzunguka sekunde 15 na kupumzika sekunde 65 ukiwa umeweka P2 (P ni namba ya kupangia mapumziko ya skrubu), na kila unapopandisha P kwa hatua moja mapumziko huongezeka sekunde 10. Vidhibiti vipya hutumia hesabu iitwayo PID, ambayo hupima si umbali kutoka kwenye lengo peke yake, bali pia muda ambao joto limekuwa nje ya lengo na kasi ya mabadiliko yake. Ukiwa na kidhibiti cha zamani, kupanda na kushuka kwa nyuzi 15 hadi 20 F juu na chini ya lengo ni hali ya kawaida. Ukiwa na PID iliyo safi, tarajia nyuzi 5 hadi 10. Kipande cha kidari cha ng'ombe chenye kilo 5 hakitambui hata kidogo kwamba hewa ilikuwa 240 F kwa dakika mbili na 215 F kwa dakika mbili zilizofuata, kwa sababu kinachokiivisha ni wastani wa saa nzima. Anayefukuzia namba kila inapotikisika huishia kuharibu mlo aliotaka kuuokoa.

Hatua ya kwanza: chagua peleti na uzitunze

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae muda mrefu, kwa sababu hakuna marekebisho yoyote ya kidhibiti yatakayoponya peleti mbovu.

Chukua peleti moja kutoka kwenye mfuko na uivunje kwa vidole. Peleti nzuri ina ngozi inayong'aa kidogo na huvunjika kwa mlio mkavu, kama kijiti cha msimu wa kiangazi. Peleti iliyonyonya unyevu haitoi mlio, bali hujikunja kwanza kisha humeguka na kuacha unga vidoleni. Ukitaka kuona kwa macho jinsi maji yanavyoziharibu, dondosha peleti tano kwenye glasi ya maji. Katika dakika chache zitavimba na kulainika, na baada ya muda utakuwa na uji wa vumbi la mbao. Hakuna gundi iliyozishika: wakati wa kushindiliwa, joto hulainisha lignini iliyomo kwenye mbao zenyewe, nayo ndiyo inayoshikamanisha vumbi. Hebu fikiria sasa uji huo ukiwa ndani ya bomba la skrubu, ukakauka na kuwa kama saruji, na utaelewa kwa nini peleti zilizolowa hazipaswi kupewa nafasi ya pili. Peleti ikishalowa haifufuki kwa kuanikwa juani.

Unyevu kidogo ambao hauonekani kwa macho nao una gharama yake, kwa sababu sehemu ya moto hutumika kukausha kuni kabla ya kuichoma. Matokeo yake ni joto linalopanda kwa kusitasita, moshi mweupe mzito na majivu mengi. Kwa hiyo usiache mfuko wazi barazani. Mimina peleti kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, iweke ndani ya nyumba au stoo kavu, na kama hutapika kwa wiki mbili au tatu, hasa majira ya mvua, zirudishe kwenye ndoo hata zile zilizobaki tangini. Grili nyingi zina mlango mdogo wa kutolea peleti kwa ajili hiyo.

Adui wa pili ni unga. Chini ya kila mfuko hukusanyika vumbi la peleti zilizosagika njiani, na vumbi hilo huingia kwenye skrubu kwa wingi usiolingana na peleti nzima, hivyo moto hupata mlo mkubwa kisha mlo mdogo. Chekecha peleti kwenye chekeche yenye matundu mapana kabla ya kuzimimina tangini, nawe utashangaa kuona kiasi kinachobaki chini. Angalia pia urefu: peleti fupi hujipanga vizuri kwenye skrubu, lakini ndefu huacha nafasi kati yake na wakati mwingine husimama wima na kukwama. Ndefu kuliko sentimita tatu zinapokuwa nyingi mfukoni, mimi hubadilisha aina ya peleti.

Kuhusu mbao, tumia peleti za kupikia zilizotengenezwa kwa miti migumu kama mwaloni, hikori, mtufaha au mcheri. Peleti za kupashia nyumba joto ni za bei nafuu na zinafanana kwa sura, lakini huweza kuwa na misonobari yenye utomvu au mabaki ya mbao zisizojulikana, na hazifai kugusana na chakula.

Hatua ya pili: mahali, upepo na umeme

Weka grili nje, palipo wazi, kwa umbali kutoka ukutani ambao kitabu cha mashine kimeutaja. Kuifanyia kazi ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi, ni kukaribisha gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Baridi ya Minnesota haijawahi kuwa udhuru wa kutosha.

Upepo ukivuma kwenye bomba la moshi, huusukuma moshi urudi ndani au huuvuta utoke kwa kasi, na katika hali zote mbili kikombe hupata hewa isiyo ya kipimo. Igeuze grili ili upepo usiingie moja kwa moja kwenye bomba wala kwenye mwanya wa mfuniko, au simamisha kizuizi upande unakotoka upepo bila kuiziba grili hewa. Baridi peke yake si tatizo kubwa kama upepo. Kwenye baridi kali mashine hula peleti nyingi zaidi, lakini hufika. Kwenye upepo mkali huweza kushindwa hata siku ya nyuzi 20 C. Blanketi maalumu la grili lisiloshika moto, lililokatwa kwa ajili ya modeli yako, hupunguza matumizi ya peleti majira ya baridi, ila lisizibe bomba wala matundu ya feni. Jua nalo lina mchango wake: grili nyeusi iliyoachwa kwenye jua la adhuhuri la Texas hupata joto la bure ambalo kidhibiti hakiwezi kulipunguza, na ukitaka kufukiza samaki kwa 180 F (82 C) utaona namba ikikataa kushuka. Isogeze kivulini.

Kwa umeme, tumia waya mnene wa kuongezea uliotengenezwa kwa matumizi ya nje, na uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Waya mwembamba na mrefu hupunguza volti zinazofika, na hita ndiyo ya kwanza kuathirika. Wanaofikiria kusafirisha grili ya Marekani hadi Mombasa au Dar es Salaam wajue kwamba transfoma ya kushusha volti 240 kuwa 120 haibadilishi hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Mota nyingi za skrubu za mkondo geu zimetengenezwa kwa hezi 60, na kwenye hezi 50 za Afrika Mashariki huzunguka polepole kwa takriban asilimia 17, hivyo moto hulishwa pungufu tangu mwanzo. Modeli zenye mota za mkondo mnyoofu hazina tatizo hilo.

Hatua ya tatu: ondoa majivu na mafuta kabla ya kuwasha

Majivu yakijaa kwenye kikombe, yanaziba matundu ya hewa na kuifunika hita. Moto huchelewa kushika, peleti mpya hurundikana juu ya majivu, na joto hupanda na kushuka kwa mawimbi makubwa. Toa wavu, sinia na bamba, kisha safisha kikombe na sakafu ya grili kila baada ya kuchoma mfuko mmoja hadi miwili ya kilo 9, na daima kabla ya mapishi ya usiku kucha. Mashine ya kuvuta vumbi itumike tu pale grili ilipopoa kabisa, ikiwezekana siku inayofuata, kwa kuwa kaa moja lililojificha ndani ya majivu linaweza kuwasha mfuko wa mashine hiyo. Majivu yatupwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko.

Sugua pia ile sensa kwa kitambaa chenye siki au sabuni kidogo. Sensa iliyovaa koti la mafuta na masizi husikia joto kwa kuchelewa, kidhibiti hudhani grili bado baridi na huendelea kulisha moto, na habari za ukweli zinapofika joto limeshapita lengo kwa nyuzi 30. Kwa uzoefu wangu, dakika moja ya kusugua msumari huo imetuliza joto kuliko sasisho lolote la programu.

Mwisho, hakikisha sinia la mafuta limekaa mahali pake sawasawa. Likisogea sentimita mbili pembeni, joto hutoka kwa wingi upande mmoja, na ukiwa upande wa sensa, namba itakudanganya mchana kutwa.

Hatua ya nne: washa kwa utaratibu na upashe kwa subira

Chungulia kikombe kabla ya kuwasha. Kiwe kitupu au kiwe na peleti chache sana. Baadhi ya mashine, hasa za zamani, hutaka mfuniko uwe wazi wakati wa kuwashwa, na nyingine hutaka ufungwe, kwa hiyo katika jambo hili kitabu cha mashine yako ndicho mwamuzi. Utasikia skrubu ikizunguka, kisha moshi mweupe mzito utatoka kwa dakika kadhaa, na baadaye moshi utapungua na utasikia mvumo wa chini, kama wa jiko la mafuta ya taa lililoshika vizuri. Huo mvumo ndio ishara kwamba moto umesimama.

Weka lengo lako, funga mfuniko na usubiri. Namba kwenye kioo itafika lengo mapema, labda katika dakika 15, lakini namba hiyo ni ya hewa. Chuma cha mwili, bamba na wavu bado havijashiba joto, na nyama baridi ikiwekwa wakati huo itainyang'anya grili kila ilichokusanya. Ipe dakika 30 kwa jumla, na majira ya baridi kali ipe 45. Usiwashe kwa kuweka kiwango cha juu kabisa kisha ukashusha hadi 225 F (107 C) kwa kudhani unaokoa muda. Grili hupanda haraka lakini hushuka polepole, maana haina njia ya kuondoa joto zaidi ya kulisubiri lipotee.

Hatua ya tano: pima joto pale nyama ilipo

Sensa ya mashine hupima joto la ukutani. Nyama haipikwi ukutani. Pata kipimajoto cha pembeni chenye sindano mbili, moja ya kubanwa kwenye wavu na nyingine ya kuchomwa katikati ya nyama.

Kihakiki kwanza kwa maji yanayochemka. Usawa wa bahari, Zanzibar kwa mfano, kisome 100 C. Maji huchemka chini kidogo kadiri unavyopanda, takriban nyuzi moja C kwa kila mita 300, kwa hiyo Denver, mita 1,600 juu ya bahari, au Nairobi, kipimajoto kinachosoma 94 au 95 C ni kizima. Kisha kibane kwenye wavu, sentimita tano kutoka mahali nyama itakapokaa, na ulinganishe na kioo cha grili kwa nusu saa. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 25 F kati ya wavu na kioo si ajabu. Ikiwa ni ileile kila mara, huna tatizo: weka lengo juu au chini kwa kiasi hicho, au tumia sehemu ya kusahihisha sensa kama kidhibiti chako kinayo.

Ili kujua ramani ya joto, panga vipande vya mkate wa boflo juu ya wavu wote kwa 350 F (177 C) na uvitazame baada ya dakika kumi. Vilivyoungua vitakuonyesha mahali pa kuweka mapaja ya kuku, na vilivyobaki vyeupe ndipo mahali pa kuweka kipande kinachotaka saa nyingi. Kwangu kona ya nyuma kulia ndiyo kali, na sasa hata watoto wanajua kwamba mkate wa kona hiyo hauliwi.

Hatua ya sita: weka nyama, kisha utulize mkono

Acha nafasi ya sentimita tano kati ya nyama na kuta, na kati ya kipande na kipande, kwa sababu feni hupika kwa kuzungusha hewa. Kamwe usitandaze foili juu ya wavu wote. Usiibananishe nyama na sensa pia: bega la mbuzi lililotoka kwenye friji likigusana na ule msumari, kidhibiti kitadhani kimeingia majira ya baridi na kitamwaga peleti.

Nyama ikiingia, joto litaanguka, pengine kwa nyuzi 40 F. Liache. Kila unapofungua mfuniko kwa dakika moja, hewa ya moto hutoka yote, oksijeni huingia kwa wingi, kidhibiti huongeza peleti kwa hofu, na dakika kumi baadaye joto hupita lengo. Ukirudi kufungua ili lishuke, umeanzisha duara ambalo halitakwisha mpaka chakula cha jioni. Kama ni lazima kupaka viungo au kugeuza, andaa kila kitu mkononi, fungua mara moja na ufunge.

Trei ndogo ya maji ya moto pembeni mwa wavu husaidia kutuliza, kwa kuwa maji hubeba joto jingi na hayawezi kuzidi nyuzi za kuchemka. Maji baridi yatafanya kinyume katika saa ya kwanza.

Wageni wa upishi huu hupata mtihani mkubwa nyama inapogoma. Kidari au bega hupanda vizuri hadi kati ya 150 na 170 F (66 hadi 77 C) ndani, kisha husimama hapo saa mbili, tatu, hata zaidi. Grili haijaharibika, nyama inatoa jasho, na jasho linapokauka huipoza nyama kwa kasi sawa na ile grili inayoipasha. Ukitaka kuharakisha, ifunge kwa foili au karatasi ya bucha isiyo na nta. Kupandisha joto la grili kwa nyuzi 25 pia kunakubalika, lakini kufanyike mara moja. Nyama za kuchambuka huwa tayari karibu na 203 F (95 C), na kuku hatolewi kabla ya 165 F (74 C).

Hatua ya saba: joto likikaidi

Joto likiyumba kwa mawimbi makubwa yanayojirudia, angalia majivu ya kikombe, kisha unga kwenye tangi, kisha sensa, kwa mpangilio huo. Kwenye kidhibiti cha zamani, shusha P kwa hatua moja ikiwa moto hudhoofika siku za baridi, na uipandishe ikiwa joto linazidi siku za kiangazi.

Joto lisipofika lengo kabisa, chunguza kama feni inazunguka bila kusuasua na kama peleti ni kavu. Kama joto linapita lengo bila kukoma, mfuniko unaovuja au mafuta yanayoungua juu ya sinia ndiyo washukiwa wa kwanza. Mafuta yakishika moto, zima mashine, acha mfuniko umefungwa, na usimwage maji kwa hali yoyote.

Ukishuku sensa, mita ya umeme itakupa jibu. Nyingi ni za aina ya PT1000, ambazo husoma ukinzani wa omu 1,000 kwenye 0 C na karibu omu 1,080 hadi 1,100 katika chumba cha nyuzi 20 hadi 25 C. Chomoa grili kwenye umeme, ondoa waya wa sensa kwenye kidhibiti, upime. Namba iliyo mbali na hapo, au inayorukaruka ukitikisa waya, inamaanisha sensa ibadilishwe.

Moto kuzimika kabisa ndilo jambo la hatari zaidi, nami nilijifunza kwa kishindo. Usiku mmoja wa kuamkia Idi niliacha bega la mbuzi kwenye 225 F na kulala. Niliamka saa kumi alfajiri, kioo kikasoma 138. Tangi lilionekana limejaa, lakini nilipomulika tochi niliona shimo katikati, kama kisima: peleti zilizo juu ya skrubu zilikuwa zimekwisha, na za pembeni zilikuwa zimeegemeana bila kuanguka. Nilizikoroga kwa mwiko, zikaporomoka, nikabonyeza kitufe cha kuwasha bila kutazama kikombe. Kilikuwa na rundo la peleti zilizoletwa baada ya moto kufa. Moshi mzito, wa rangi ya maziwa yaliyoganda, ulijaa ndani kwa dakika nne, kisha ukashika moto wote kwa pamoja, mfuniko ukaruka na kujipiga chini, na taa ya jirani ikawaka. Bega liliokoka kwa kuwa sindano yake ilikuwa bado inasoma 148 F, nikalihamishia kwenye oveni.

Kwa hiyo, moto ukizimika, usiwashe upya kabla ya kuzima mashine, kusubiri ipoe, kutoa wavu na bamba na kumwaga kila peleti iliyo kikombeni. Kisha tazama nyama: ikiwa ndani imekaa kati ya 40 na 140 F (4 na 60 C) kwa zaidi ya saa mbili, itupwe. Ili kisima kisitokee, koroga peleti kila saa tatu au nne na usiruhusu tangi kushuka chini ya nusu wakati wa usiku. Kwa 225 F hesabu nusu kilo hadi kilo moja kwa saa, na zaidi kwenye baridi kali.

Hatua ya nane: zima kama ulivyowasha

Usichomoe waya nyama ikishatoka. Bonyeza kitufe cha kuzima na uiache feni iendelee kwa dakika 10 hadi 15, kwani inamalizia peleti zilizobaki kikombeni. Ukiikatisha, moto unaweza kurudi nyuma polepole kupitia bomba la skrubu kuelekea tangini, na peleti zilizobaki zitakuwa rundo la kesho linalosubiri kukupigia kishindo. Baada ya feni kunyamaza na chuma kupoa kiasi cha kushikika kwa mkono, chomoa waya, funika grili kwa turubai lake, na uandike mahali fulani aina ya peleti, hali ya hewa na tofauti uliyoiona kati ya kioo na wavu, kwa sababu namba hizo ndizo utakazozitaka mara nyingine kabla ya kuwasha.